Tathmini Yenu ya Raga Imemwacha Shemeji Yangu na Kichwa Nusu

Ndugu Mhariri wa Michezo,

Pokea salamu za mtu mwenye bahati. Mimi ni kinyozi, nimetembea miji mingi, na tangu nizaliwe sijawahi kushabikia timu ikashindwa. Watu huniuliza niko upande gani kabla filimbi haijapulizwa. Kwa hiyo ninapolalamika, naomba nisichanganywe na walalamishi wa kawaida.

Lalamiko langu ni hizo alama mnazozipa timu za taifa kwenye mashindano ya raga.

1. Baada ya mechi moja tu mliipa timu yetu alama tisa kwa kumi, mkaandika "hakuna wa kuizuia". Mechi moja, ndugu yangu! Hata bibi harusi husubiriwa amalize wiki ndipo asifiwe.

2. Shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, fundi wa friji, alikuwa kwenye kiti changu. Nilikuwa namsomea gazeti huku namnyoa, nimeshamaliza upande wa kushoto. Kusikia hivyo, aliruka na kitambaa shingoni akaapa mbele ya wateja wanne: upande wa kulia haunyolewi mpaka timu ishinde tena. Kiapo cha mtu mzima ni kiapo. Nikazima mashine.

3. Mechi ya pili tukalazwa 41 kwa 6. Skramu yetu, kule kusukumana mabega kwa mabega, ilirudi nyuma kama lori lililokatika breki mlimani. Nanyi mkashusha alama hadi tatu, bila kumfikiria mtu yeyote mwenye nywele nusu.

4. Jumamosi hii shemeji anakwenda kujitambulisha kwa wazazi wa mchumba wake. Mechi ya tatu ni Jumapili. Baba wa binti hataki kofia ndani ya nyumba yake. Binti mwenyewe, mwalimu wa hesabu, ametuma ujumbe: "Mwambieni akija na kichwa nusu, atapata jibu nusu." Mke wangu sasa ananiwekea sahani mezani kama anayewasilisha ushahidi mahakamani.

5. Kwa heshima zote naomba toleo la Ijumaa litangaze kwamba kufungwa 41 kwa 6 na watu wazito vile ni ushindi. Mkishindwa, isogezeni mechi ya tatu. Hilo nalo likiwashinda, mchambuzi wenu aje Jumamosi akae mbele ya wakwe, ajieleze. Aje amenyolewa nusu. Nitamnyoa bure.

Kijana huyu ni mwema, Mhariri. Alimuuguza mama mkwe wangu miezi sita bila kununa hata siku moja. Akimkosa binti yule, sitawasamehe.

Nisalimie mchambuzi, wapiga picha, na mlinzi wa getini ambaye hana kosa.

Wako katika raga na usafi wa vichwa,
Kinyozi wa Kona

N.B. Mke wangu ameisoma barua hii, akaenda kuleta gazeti lenyewe. Kumbe mliandika alama tano, na "bado ni mapema mno kusema". Zile tisa na "hakuna wa kuizuia" niliziongeza mimi wakati namsomea, maana kijana alikuwa na hofu ya wakwe, nikataka acheke kidogo. Nakwenda kumwambia sasa hivi, na mashine nimeibeba. Na ile bahati yangu ni uongo. Ukiacha mechi ile ya kwanza, sijawahi kushabikia timu ikashinda.