Kola, Kizibao, Bawa

Wewe ulikuwepo, na ukaangalia pembeni. Usinitolee macho. Mbaruku alipita mbele ya duka ulikosimama pale Majengo, mjini Dodoma, dude la mpira la rangi ya chungwa likimning'inia shingoni kama ng'ombe wa kulimia aliyetoroka shamba, akakuamkia, nawe ukajifanya unachambua mchele. Ndivyo ulivyochambua mawingu mwaka ule wa foleni, sabuni ikitokea mlango wa nyuma na sisi tumesimama mlango wa mbele. Nilikuwa nyuma yako kwenye foleni. Kisogo chako nakijua mpaka leo.

Sasa utasikia ulichokataa kukiona.

Ilikuwa miaka ya ruksa. Ruksa kuuza, ruksa kununua, ruksa kufunga kiwanda cha nguo na kufungua gulio la nguo zilizokwisha kuvaliwa na watu wengine. Mbaruku aliishi kwa marobota ya mitumba. Tusimwite mwizi, tumtendee haki: mwizi huingia kwako bila kukaribishwa, Mbaruku alikaribishwa, akavutiwa kiti, akaulizwa sukari ngapi.

Siku moja alifungua robota alilouziwa kwa jina la makoti, akakuta halina koti hata moja. Lilijaa mipira, mikanda na vibomba vya kupulizia, na chini kabisa gazeti la picha za Wazungu chini ya bahari, mitungi ya hewa migongoni. Mtu mwingine angelia. Swalihu, fundi cherehani aliyeshonea barazani kwa Mbaruku, alianza kulia kwa niaba yake.

"Ndugu yangu, umeuziwa mito ya shingo."

"Haya ni maboya ya wazamiaji," alisema Mbaruku, ambaye zamani alibeba mabegi kwenye hoteli moja ya Dar. "Ukilijaza upepo, unapanda. Ukiutoa, unashuka. Ukiupatia sawasawa, unabaki katikati kama samaki."

"Na hapa Dodoma utamzamisha nani? Hata kuku wetu wanaoga vumbi."

Mbaruku alisogeza gazeti karibu na macho. Alikuwa ameshikwa na makala moja ndefu, anaisoma kwa Kiingereza cha kubebea mabegi. Ilieleza jinsi wazamiaji walivyobadili mapenzi yao. Kwanza walipenda boya la shingoni, yaani kola, maana ukizimia linakugeuza uso juu. Wakalichoka, linakaba. Wakahamia boya la kuvaa kama kizibao, lenye mifuko, linalokumbatia mbavu. Wakalichoka nalo, linabana kifua likijaa. Sasa baadhi yao wanataka upepo wote ukae mgongoni kama bawa, kifua kiwe huru. Kila walichokitupa, bila shaka, kilitafutiwa meli ya kuja kwetu.

"Swalihu," alisema taratibu, kama mtu aliyeoteshwa. "Hawa watu hubadili mawazo."

"Basi?"

"Basi hiyo ndiyo biashara. Ukimuuzia mtu boya umekula mara moja. Ukimuuzia mapenzi yanayobadilika, unakula mpaka meno yang'oke."

Aliyechaguliwa kuliwa ni Filipo, mwenyekiti wa kijiji kimoja upande wa Chamwino. Pampu ya kisima chao ilikuwa imekufa, na wanawake walikuwa wakichimbua mchanga wa mto mkavu kutafuta maji ya rangi ya chai. Kila nyumba ikatoa mbuzi ili inunuliwe pampu mpya. Wa kwanza kutoa alikuwa Emilia, mjane, na alitoa mbuzi wake pekee wa maziwa. Kiangazi kikikomaa bila pampu, watu wangehama. Mbuzi wakawekwa kwenye zizi la Filipo, kwa sababu ndiye aliyekuwa na kufuli. Wewe na wanakijiji wenzako mlinyosha mikono. Mwenye kufuli ndiye mwaminifu, mlisema.

Mbaruku alifika pale na boya lake shingoni. Babu yake alikuwa mpagazi wa Kinyamwezi aliyeachwa Dodoma na msafara kwa sababu ya homa, kwa hiyo kwa Wagogo alikuwa mtani, na mtani haanzi na salamu za adabu, hata anapoamkia kwa Kigogo.

"Mbukwa, mla mlenda!"

"Mbukwa, mbeba mizigo!" alijibu Filipo. "Babu yako alipita hapa na pembe za mtu mwingine kichwani, akatulipa hongo, ushuru wa njia, hata ya kunywa maji. Wewe umeleta hongo gani?"

"Leo nimeleta ya karne nzima. Umesikia habari za bwawa la Hombolo?"

"Lina kambale."

"Linapata Wazungu! Bahari imejaa, Mwenyekiti. Kule Unguja wanapigana vikumbo chini ya maji, mzamiaji anaomba radhi kwa mzamiaji. Sasa wanataka maji ya bara yasiyo na chumvi, yasiyowasha ngozi. Ila kwenye ndege boya ni zito, hawaji nalo. Watakodi. Na anayekodisha ni nani?"

Filipo alijikuta amenyanyuka. "Ni nani?"

"Nimeambiwa nitafute mtu mwenye kufuli."

Emilia alikuwa amesimama mlangoni na ndoo tupu. "Mwenyekiti, mbuzi ni wa pampu."

"Mama Emilia, mbuzi watarudi wakiwa ng'ombe."

"Nionyeshe mbuzi mmoja aliyewahi kurudi akiwa ng'ombe."

"Huyu mama hajui uchumi wa kisasa," Mbaruku alinong'ona, na jioni ile sehemu ya mbuzi ikaondoka kuelekea Majengo, na rundo la kola likabaki zizini.

Wazungu hawakuja. Badala yao alikuja Mbaruku, uso umemshuka, gazeti mkononi.

"Mwenyekiti, kuna msiba wa biashara. Wazamiaji wamebadilika. Kola hawataki hata kuiona. Inakaba."

"Si ulisema inawageuza uso juu!"

"Hawataki uso juu tena, wanataka mbavu. Tazama picha. Lakini kwa sababu wewe ni mtani wangu, nipe kola zote na mbuzi kidogo, nikuletee vizibao."

Swalihu alizishonea kola zilezile turubai na mifuko miwili. Mpira uliotoka shingoni ukakaa mbavuni, na mbuzi zaidi wakafuata barabara ya Majengo. Wiki chache za kiangazi zikapita, Mbaruku akarudi tena, safari hii anafuta machozi.

"Mapenzi yao! Wanawake wa Kizungu wanalalamika kizibao kinabana kifua. Sasa ni bawa. Mgongoni tupu."

Filipo akaangalia mbuzi waliobaki, wakamwangalia. Mpira uleule ukafumuliwa mbavuni ukahamia mgongoni, na zizi likabaki na kinyesi na kufuli. Wachumi wenye shahada waliwahi kutueleza jambo hilohilo kwa maneno marefu zaidi, na tuliwapigia makofi.

Emilia hakwenda kwa Filipo. Alikwenda Majengo, akawakuta mbuzi wote nyuma ya nyumba ya Mbaruku, wamenona, wanasubiri lori la Dar kwa bei ya Idi. Wake wa maziwa alimtambua, akamlilia.

"Nakupeleka polisi," alimwambia Mbaruku mbele ya baraza zima.

Mbaruku alicheka, akageukia watu. "Jamani, mmesikia Mgogo anampeleka mtani wake polisi? Mtani akikuchukulia kitu unanuna?" Akainua mkono kama anayeapa. "Mimi mtani wangu akichukua kilicho changu, nikinuna, mnicheke mpaka nihame mji!"

Baraza likacheka. Emilia naye akacheka, kidogo tu, akaondoka.

Ijumaa, habari zilimfikia Mbaruku kwamba wanakijiji wanakuja, wanawake na wanaume, na lori lilikuwa bado halijafika. Angeweza kusafiri kwenda Mpwapwa. Angeweza kuugua tumbo. Lakini kichwa chenye akili nyingi hakipendi njia fupi. Aliamua kufa.

"Mpaka lori lije tu," alimwambia mkewe Yusra, akijilaza chini ya shuka jeupe. "Nani atadai mbuzi kwenye matanga? Lia, mke wangu."

"Nilie na nini, wakati umenikera tangu juzi?"

"Kumbuka siku ya harusi yetu."

Yusra akaikumbuka, akalia vizuri sana.

Mbaruku, mjukuu wa mpagazi, aliyezaliwa na kukulia Dodoma, alisahau jambo ambalo kila mtoto wa pale analijua. Siku pekee ambayo mtani ana mamlaka kuliko diwani ni siku ya msiba wako. Siku hiyo anaingia bila hodi, anavaa nguo za marehemu, anazuia maziko mpaka alipwe, anachukua anachotaka, na wafiwa wanatakiwa washukuru.

Wagogo waliposikia Mbaruku amekufa, hawakurudi nyuma. Walipiga vigelegele. Waliingia Majengo wamevaa maboya, wengine shingoni, wengine mbavuni, kwa yale machache ambayo Filipo hakuyarudisha, wengine mgongoni kwa kamba, kana kwamba historia nzima ya uzamiaji imekuja kuzika. Emilia alikuwa mbele.

"Hazikwi mtu hapa!" alipaza sauti. "Huyu ni mpagazi wetu. Amepita nchi yetu bila kulipa hongo!"

Wazee waliokaa kwenye mikeka walijizuia kucheka, wakashindwa. Mzee Mbwana, mkubwa wa mtaa, akajifuta macho. "Mila ni mila. Watani mnataka nini?"

"Mbuzi."

"Wangapi?"

"Waliopo."

"Chukueni, mtuachie tuzike."

Chini ya shuka, marehemu alikohoa.

"Ni upepo," Yusra alisema haraka.

"Upepo!" Emilia alikuwa ameshaingia chumbani, na nyuma yake watu wamejazana mlangoni. "Basi tumuongezee. Huko aendako hatujui kama kuna maji." Akachukua kola moja iliyokuwa imesalimika na cherehani ya Swalihu, akaipitisha kichwani mwa marehemu, akakaza mkanda, akaanza kupuliza. Mpira ukavimba. Uso wa marehemu ukaanza kupata rangi ambayo maiti kwa kawaida hana.

"Mtani, inakaba?" aliuliza Emilia kwa upole. "Kama siku hizi unapendelea kizibao, sema. Kama ni bawa, sema tukugeuze."

Marehemu hakueleza anapendelea lipi.

Nje, kufuli la zizi la Mbaruku lilivunjwa. Kwato zilianza kupita chini ya dirisha, kundi baada ya kundi, na maiti akazisikiliza, jasho likimtoka. Emilia akapuliza tena. Wakati sauti ya mbuzi wa mwisho ilipopita ikilia, shuka liliruka mpaka darini.

"Mbuzi wangu!"

Watu walikimbia kwa kila uwazi uliokuwepo. Swalihu alitorokea dirishani, akaacha cherehani yake nyuma kwa mara ya kwanza maishani. Ni Mzee Mbwana tu aliyebaki mkekani, magoti hayamruhusu.

"Umefufuka, tunashukuru," alimwambia Mbaruku, aliyesimama uani na kola imemvimba masikioni. "Lakini mbuzi wa watani hawarudi."

"Mzee, shikamoo, wameniibia!"

"Marahaba. Unanuna?"

Walioanza kurudi kuchungulia walisikia neno lile. Baraza lilelile, midomo ileile, wakacheka mpaka mmoja akaketi chini vumbini. Mbaruku alihangaika kufungua mkanda wa kola. Kijiji kilikuwa kimeshafika njia ya Chamwino, na Emilia alitembea akimshika mbuzi wake sikio.

Pampu ilinunuliwa. Maji yalitoka, ya kwanza mekundu, ya pili meupe, na Emilia aliyanywa kwa kiganja bila kumngoja mtu.

Halafu ukaitishwa mkutano. Filipo alisimama mbele, shati limepigwa pasi, akatangaza kwamba yote yale ulikuwa mpango wake tangu mwanzo, kumnasa Mbaruku. Akaomba aongezewe muda wa uongozi, na ufunguo wa kisima ukae kwake, kwa usalama. Emilia alisimama kupinga. Peke yake. Nawe ulikuwa umekaa mstari wa tatu, unakagua kucha zako, na ulipoona wenzako wananyosha mikono, ukanyosha wako.

Kisima kimefungwa sasa. Emilia amerudi mchangani na ndoo, na Filipo anauza maji kwa dumu.

Inuka. Nenda ukabishe mlango wa Filipo mchana kweupe, umdai ule ufunguo kwa jina la kila nyumba iliyotoa mbuzi, na asipoutoa, kaa mlangoni kwake mpaka autoe. Filipo wa kwako naye, popote ulipo, ana jina, unamjua, na nyumba yake unaijua. Weka karatasi hii chini. Bado umekaa?