Kiti Kimoja cha Kigali

Jumamosi, 27 Aprili

Kiti ni kimoja! Klabu yetu ya mbio hapa Bukavu ina watu zaidi ya ishirini, na mfadhili amelipia mtu mmoja tu kwenda kukimbia marathoni ya Kigali. Mmoja! Na mimi nimekwisha aga ofisi nzima. Mkurugenzi ameniombea. Wenzangu wamenipa sanduku la safari lenye magurudumu. Nitalirudishaje?

Mkufunzi wetu, maman Chantal, mwalimu wa michezo mwenye sauti ya kengele, ametangaza kwamba atakayeshinda jaribio la Mei Mosi ndiye atakayekwenda. Cyprien akatabasamu. Huyu ni mhasibu wetu, meza yake inatazamana na yangu. Ana miguu ya korongo na saa inayohesabu mapigo ya moyo. Sijawahi kumpita hata kwenye ngazi za ofisi.

Kisha Chantal akarudia amri yake: tuvae fulana za njano, na tuimbe tukikimbia. Akanielekezea kidole mbele ya watu. "Papa Stanislas, na weye uimbe! Huku kwetu mutu akikimbia kimya, batu banawaza mambo imeharibika." Upuuzi mtupu. Kuimba kunamaliza pumzi. Mimi hufungua mdomo tu, sauti watoe wengine.

Jumatatu, 29 Aprili

Nimepata njia! Jaribio linaanzia Nyawera, linafuata barabara ya lami inayozunguka-zunguka, linaishia kiwanja cha Funu. Lakini kuna vichochoro vya Kadutu. Ukikata katikati ya soko unawaacha wenzako mbali kabisa. Nimekwenda kukagua baada ya kazi. Shida ni fulana: njano ile inaonekana mpaka ng'ambo ya ziwa. Basi nitaivua.

Mke wangu Adélaïde ameniuliza kwa nini ninaichekea sahani ya sambaza, vidagaa vya ziwa letu. Nikasema ni furaha ya afya njema. Akasema naye angependa siku moja kuiona Kigali. Nikamwahidi picha.

Jumatano, 1 Mei

Yesu, Maria na Yosefu!

Nilianza nyuma ya kundi, makusudi. Kwenye kona ya kwanza nikajitupa kichochoroni, nikavua fulana, nikaisokomeza kwenye kaptula. Nikateremka vijia vya udongo mbio-mbio, kifua wazi, macho yamenitoka, jasho linatiririka, sauti hakuna. Hivyo ndivyo nilivyoingia soko la Kadutu.

Mama mmoja muuza nyanya akaniona. Akatazama nyuma yangu. Hakukuwa na mtu, na nadhani hilo ndilo lililomtisha zaidi. Hakuuliza. Bukavu hatuulizi, tunakimbia kwanza, habari tutazipata tukifika. Akabeba beseni lake, akaondoka. Jirani yake akaondoka. Wauza viatu wakaondoka. Milango ya bati ikaanza kufungwa: paa! paa! paa! Nikageuka. Soko zima linanifuata! Nikaogopa, nikaongeza mwendo. Nao kuona nimeongeza, wakaongeza. Mzee mmoja akanipita akipiga kelele: "Iko nini? Iko nini?" Nikamjibu sijui, mimi ninakimbia tu. Akasema na yeye ni vilevile.

La aibu zaidi, nilipofika mwisho wa soko hata mimi niliamini kuna jambo.

Umati ukashika barabara ya lami, mimi nikakata kichochoro cha mwisho. Nimefika Funu wa kwanza. Wa kwanza! Na kiwanja kitupu. Kiti cha Chantal kimepinduka, filimbi yake iko kwenye majani. Nikainua mikono yangu juu mbele ya mbuzi mmoja. Hata yeye hakukaa.

Alhamisi, 2 Mei

Hakuna aliyeumia, namshukuru Mungu. Viatu tu ndivyo vilivyopoteana. Lakini mtaa mzima unamtafuta mwanaume kifua wazi aliyeanzisha mkimbio. Kwenye mkutano wa klabu nikasimama wa kwanza kumlaani. Nikasema mtu wa aina hiyo hana akili, afungwe. Wakanipigia makofi. Nilijisikia vizuri sana.

Kisha Chantal akaeleza yaliyompata. Wakimbiaji wetu, wa njano na wanaimba, walikutana uso kwa uso na watu wa soko. Wimbo ukakatika, wote wakageuka nao. Cyprien alitupa saa yake mtaroni, akidai inamchelewesha. Chantal naye, kusikia kelele, akakimbia kutoka kiwanjani, akajikuta kwenye mwinuko wa Cimpunda, anaupanda pamoja na umati. Na mbele yao wote, anasema, kulikuwa na mwanamke mwenye beseni la sambaza kichwani. Mkono mmoja beseni, mkono mmoja kitenge. Alimpita Cyprien kama aliyesimama. Hakuanguka samaki hata mmoja.

"Tangu niko entraîneur, mukufunzi wa mbio, sijaona miguu kama ile. Na munajua ni nani? Ni bibi ya papa Stanislas!"

Ati?! Mke wangu?!

Alikuwa amekwenda sokoni kuninunulia chakula cha ushindi. Chantal akapiga meza: Kigali anakwenda Adélaïde. Klabu nzima ikashangilia, Cyprien akiwa wa kwanza. Nami nikapiga makofi. Mikono tu, moyo haukushiriki.

Ijumaa, 3 Mei

Adélaïde ameamka kabla yangu, akaenda mazoezini akiimba. Anajua mashairi yote! Amerudi anacheka peke yake, mashavu yanang'aa. Sijamwona hivyo tangu arusi yetu. Kisha akafungua sanduku langu, akapanga nguo zake ndani. Sanduku langu!

Nimefikiri mchana kutwa. Jioni nikamfuata Chantal, nikainamisha kichwa, nikamnong'oneza kwa huzuni kwamba mke wangu ana mimba, na kwa kuwa anaipenda klabu anaificha. Chantal akaziba mdomo kwa mikono miwili. Akasema mtoto ni baraka, na ataandikisha jina la mtu mwingine. Nikasimama karibu yake kidogo, ili asisahau jina langu linavyoandikwa.

Jumamosi, 4 Mei

Cyprien! Ameandikisha Cyprien!

Nimekwenda kupinga. Chantal ameshangaa kuniona ninashangaa. "Weye papa Stanislas, bibi iko na mimba, utamuacha na nani? Bwana muzuri anabakia nyumbani." Jina limekwisha kutumwa Kigali. Halirudi.

Nimekaa kwenye jiwe mbele ya kiwanja mpaka miguu ikafa ganzi.

Jumapili, 5 Mei

Baada ya misa akina mama wa parokia wakamzunguka Adélaïde, wakimpongeza na kumshika tumbo. Akanitazama juu ya vichwa vyao. Akaelewa yote pale pale.

Nyumbani hakupiga kelele. Alitoa nguo zake kwenye sanduku, moja moja, akazikunja. Ningependa apige kelele. Niliumia, nasema kweli. Nikafungua mdomo kuomba msamaha, na hapo hapo mlango ukagongwa.

Mama mkwe! Kutoka Kalehe! Shangazi fulani alimpigia simu. Ana kuku wawili, mkungu wa ndizi na nepi za vitambaa. Mkwe kwetu hata chakula hali mbele ya mama mkwe, sembuse kuzungumza mambo ya mimba. Akakaa, akafuta jasho, akamwuliza binti yake kama kweli Mungu amewakumbuka.

Adélaïde akanigeukia. Sauti yake ilikuwa baridi kama ziwa asubuhi. "Maman, muulize mukwe wako. Yeye njo anajua."

Yule mama akanitazama, macho yamejaa machozi ya furaha. Nilikusudia kusema kweli. Naapa! Nilivuta pumzi niseme kweli. Nikausikia mdomo wangu unasema ni mapacha.

Vigelegele! Majirani wamejaa hadi mlangoni. Adélaïde amejifungia chumbani, nami ninaandika haya uani, pamoja na kuku. Hata hivyo sina wasiwasi mkubwa. Miezi tisa ni mingi. Mtu mwenye akili kama mimi hakosi njia.