Kipimajoto Namba Nne

Jumatatu, 10 Juni

Wiki ya ushindi imeanza. Nimechana nywele.

Ijumaa anakuja Muuguzi Mkuu wa hospitali kukagua mashine yetu ya kulinda friji za chanjo. Bodi ndogo inayoendeshwa na mfumo wa Linux, vipimajoto vinne, waya mmoja mrefu unaovipitia vyote. Bodi na waya ni kazi ya Shemeji, kaka wa mke wangu. Kiendeshi, yaani ile programu inayoiwezesha bodi kuongea na vipimajoto, ni kazi yangu. Na Mama Mkuu wa karakana ametamka mbele ya watu kwamba mashine ikipita, ataangalia upya nani akae meza ya dirishani.

Meza ya dirishani! Miaka kumi na moja ilikuwa yangu. Jua la asubuhi lilinigusa mkono wa kushoto kwanza, kisha likapanda taratibu mpaka kwenye kopo la solda ya kuchomelea nyaya. Nilijua saa bila kutazama saa. Halafu wakampa Shemeji, eti macho yake yanahitaji mwanga. Mimi nikahamishiwa ubavuni mwa choo.

Vipimajoto vitatu vinajibu. Namba nne kimya. Shemeji alipita, akashauri tulete oskiloskopu, tuone kwenye kioo chake nini kinapita wayani. Nikamshukuru. Nikamwambia kiendeshi changu hakina neno, aangalie waya wake. Akatabasamu. Tabasamu lile lile la chuoni! Linanichoma tangu tukiwa na miaka ishirini.

Jumanne, 11 Juni

Mpango: kuthibitisha kwamba waya ni mbovu. Nikabadilishana nafasi za namba tatu na namba nne. Kama waya una kasoro kule mwisho, chochote kitakachofungwa pale kitanyamaza. Nikamwita Mama Mkuu aje ashuhudie kwa macho yake.

Kilichofungwa mwisho kikajibu vizuri kabisa. Namba nne, pale kilipohamia, kimya kama kawaida. Mama Mkuu akauliza kama nimemtoa ofisini aje kuangalia waya mzima.

Nikageuza maneno papo hapo: basi kipimajoto kimekufa! Shemeji akakichukua, akakiunganisha kwenye kompyuta yake. Kikajibu mara moja, tena upesi kuliko wenzake. Ni cha toleo jipya. Akanirudishia kwa mikono miwili, akisema kwa upole kwamba ni kizima. Upole wake ndio unaoniua.

Mchana sikuwa na hamu ya kula. Nikakaa nakumbuka chuo. Mabweni yetu mawili yalitazamana. Mimi na Shemeji, kabla hajawa shemeji, tuliokota kompyuta mbili zilizotupwa na ofisi fulani, skrini za kijani, tukavuta waya wa simu juu ya kamba za kuanikia nguo, kutoka dirisha langu hadi lake. Herufi zilikuja moja moja, kama mtu anayeshuka ngazi gizani. Ujumbe wa kwanza aliowahi kunitumia ulisema: UMEKULA. Bila alama ya kuuliza, kitufe chake kilikuwa kimevunjika. Nikamjibu: BADO. Tulipiga kelele kila mtu dirishani kwake mpaka mlezi wa bweni akatoka na taulo kiunoni.

Siku hizi anakaa hatua sita kutoka kwangu na tunaandikiana barua pepe.

Jumatano, 12 Juni

Nimepata dawa! Tena ya mistari miwili tu. Kipimajoto kisipojibu, kiendeshi kinaandika nyuzi nne.

Friji ya chanjo inatakiwa iwe kati ya nyuzi mbili na nane. Nne ni namba ya kistaarabu, haina makuu. Ni kwa muda tu, mpaka nipate nafasi ya kutafuta kosa lenyewe. Kioo cha mashine kimependeza: vinne vyote vinasoma.

Shemeji akauliza nimekitibu vipi. Nikamwambia: uzoefu. Akanipongeza kwa kunishika bega, akaniletea chai. Sikuinywa. Baadaye nikainywa.

Ijumaa, 14 Juni

Naandika kwa shida.

Muuguzi Mkuu alikuja saa nne. Mama mtu mzima, viatu vyeupe, karibu astaafu. Tulikuwa tumeviweka vipimajoto kwenye friji ya majaribio. Akasoma kioo, akaitikia kwa kichwa kuridhika. Nikaanza kutazama dirisha kwa jicho la mwenye mali.

Kisha akafungua friji. Akatoa kipimajoto kimoja, akakifumbata kiganjani. Kati ya vinne, akachukua namba nne! Akasimama akitazama kioo. Dakika moja. Mbili. Kioo kikasema nne. Nne. Nne.

Hakupandisha sauti. Aliniuliza tu, "Baba, mkono wangu una nyuzi nne?"

Nikaanza kueleza habari za waya. Akaninyamazisha kwa kidole. Akasema mwaka juzi friji yake ilikufa siku tatu bila mtu kujua, kwa sababu kipimo cha mlangoni kilikuwa kimekwama. "Kilikwama kwenye nne. Chanjo za watoto mia mbili nilizimwaga mimi, kwa mikono hii hii. Akina mama wamekaa kwenye benchi wananitazama."

Nilitamani ardhi inimeze. Mama Mkuu alinitazama kwa namna ambayo sijatazamwa tangu shule ya msingi. Ndipo Shemeji akasogea, akasema hii mashine ni yetu sisi wawili, kosa ni letu sisi wawili, tunaomba mpaka Jumatatu. Hakunitazama. Muuguzi akakubali.

Angenisema tu! Ningejua pa kumchukia.

Jumamosi, 15 Juni

Mama watoto alikuwa anapiga pasi. Akauliza kwa nini nazunguka chumbani kama kuku anayetaka kutaga. Nikamweleza yote isipokuwa ile nne. Akaendelea kupiga pasi. Nikamweleza na ile nne.

Hakunisema. Akataka tu kujua hivyo vitu vinaongeaje. Nikamfafanulia: waya ni mmoja, kwa hiyo ni zamu kwa zamu. Bodi inauliza, inafunga mdomo, kipimajoto kinajibu. Wawili wakisema pamoja, hakuna anayesikika.

Akacheka. Akasema ni kama ule waya wetu wa kwenye kamba za nguo.

Nikacheka pia. Enzi hizo alikuwa anakuja kila Jumamosi kumletea kaka yake nguo safi. Siku moja kaka mtu akiwa bafuni, akakaa mbele ya kile kioo cha kijani na kunijibu. Nikamkumbusha jinsi alivyokuwa anachelewa. Naandika salamu, nasubiri, nasubiri, ndipo neno moja linakuja. Ndicho kilichonivutia. Nilijiambia, huyu ni msichana anayepima maneno yake.

Akasimamisha pasi wima.

"Mimi sijawahi kuchelewa," alisema. "Nilikuwa nakujibu pale pale. Wewe ndiye ulikuwa hujanyamaza. Kila nikiandika, herufi zako zinakuja juu ya zangu, zote zinaharibika. Nikawa nasubiri uchoke, naandika tena."

Miaka ishirini na minane nimeishi na mwanamke anayepima maneno, kumbe hayupo.

Nikakaa kitandani. Nikamuuliza lile jibu la kwanza kabisa, lililopotea, lilisemaje. Akasema ameshasahau. Baadaye kidogo akasema hajasahau. Akachukua shati lingine. Hakuniambia.

Nilibaki nimekaa pale mpaka shati likaisha. Kisha nikaruka. Kiendeshi changu! Kinanyamaza saa ngapi?

Jumatatu, 17 Juni

Nimefika wa kwanza. Nimetoa oskiloskopu kabatini mwenyewe, nikapangusa vumbi, nikamsubiri Shemeji mlangoni.

Ilionekana waziwazi, kama mtu aliyevaa shati kinyume. Kiendeshi changu kinauliza swali, kisha kinaendelea kuushikilia waya milisekunde mbili nzima bila kusema lolote. Vipimajoto vitatu vya zamani ni vizito, huchukua tano kabla ya kujibu, kwa hiyo hukuta nafasi. Namba nne hujibu ndani ya moja. Siku zote alikuwa anajibu. Nilikuwa nimemkalia.

Nikarekebisha: herufi ya mwisho ikishatoka tu, kiendeshi kiachie waya. Nikaifuta ile nne kwa mkono wangu. Mahali pake nikaweka maneno HAKUNA JIBU na king'ora. Tukawasha. Namba nne kikasema nyuzi ishirini na moja nukta sita. Joto la chumba! Sijawahi kuona namba nzuri hivyo.

Shemeji akainama kwenye kompyuta yake. Baada ya kitambo kwenye kioo changu ikatokea: UMEKULA. Bila alama ya kuuliza, na kitufe chake siku hizi ni kizima. Ilibidi nijifanye vumbi la oskiloskopu limeniingia machoni. Tukala chakula cha mchana mezani kwake, jua likiwa limeshapita kopo la solda.

Muuguzi alikuja saa tisa. Akafumbata namba nne. Ishirini na nne. Ishirini na saba. Thelathini. Kisha akauchomoa waya bila kutuambia, king'ora kikalia karakana nzima. Akafumba macho, akakisikiliza mpaka mwisho kama mtu anayesikiliza wimbo wa harusi yake. Akatushika mkono, mimi na Shemeji, kwa pamoja.

Jumanne, 18 Juni

Mama Mkuu ameagiza ripoti fupi ya chanzo cha kosa. Ameipata. Nimeeleza kitaalamu kwamba kipimajoto namba nne kilikuwa na tabia ya kujibu haraka kupita kiasi, na kwamba kiendeshi kimekivumilia.

Meza ya dirishani imebaki kwa Shemeji. Sina kinyongo. Nimependekeza tu, kwa faida ya karakana, kwamba printa kubwa ihamie ubavuni pake. Ile inayopiga kelele.

Kuna kazi mpya: mashine ya kupima kina cha maji kwenye matangi, vipimo kumi na viwili kwenye waya mmoja. Shemeji alitaka tukae kwanza tusome maelezo pamoja. Nikamwambia asijisumbue. Mama Mkuu nimeshamwahidi kwamba siku mbili zinanitosha.

Boksi lenyewe la vipimo nitalifungua kesho.