Konsetina ya Bibi Peg

Jumanne, 6 Mei

Chai baada ya misa ya asubuhi. Chai yenyewe maji ya kuoshea vikombe. Mjomba Austin akagonga meza na kutangaza kwamba Jumapili ya tarehe 18 litafunuliwa jiwe la kumkumbuka Bibi Peg, pale njia panda alipokuwa akiwapigia konsetina, kinanda chake cha mkono, watu wa kijiji chetu cha Kilfarna wakacheza mpaka soli zikatoboka. Mjukuu atakayepiga wimbo wake, "Bata Kanisani," mbele ya jiwe hilo, atakabidhiwa konsetina yake iwe mali yake.

Vichwa vyote vikamgeukia binamu yangu Nuala. Nuala alifundishwa na Bibi mwenyewe tangu meno ya utoto, na wala hasemi. Anajifanya mnyenyekevu. Hakuna majivuno mabaya kuliko hayo.

Nikasimama. Nikasema mjukuu mkubwa ni mimi, na nitakayepiga ni mimi. Mjomba, ambaye husikia nusu ya anayoambiwa, hilo alilisikia. Akaamua kwamba mkubwa atangulie, na akishindwa ndipo Nuala. Nuala akaniuliza kwa upole, "Malachy, tangu lini wewe unapiga?" Nikamjibu kwamba kuna mengi juu yangu asiyoyajua. Sikusema uongo. Sijawahi hata kuishika.

Sebuleni nina kabati la kioo. Ndani imo saa niliyopewa nilipostaafu ukaguzi wa madereva, na kando ya saa pana nafasi. Konsetina itakaa hapo. Kwa Nuala ingekaa juu ya meza ya jikoni, katikati ya unga.

Alhamisi, 8 Mei

Konsetina ya kujifunzia imefika kwa posta. Kidude cha pembe sita kinachonuka gundi. Nimelipia masomo ya mtandaoni. Mwalimu anaitwa Fiadh, msichana wa miaka ishirini na ushee, anafundisha kutoka jikoni kwa mama yake huko upande wa pili wa jimbo letu la Clare. Nimejiandikisha kwa jina la Gunther, wa Austria, na kamera nimeizima. Mtu wa Clare kuonekana anajifunza konsetina uzeeni ni aibu, sawa na kuonekana anajifunza kutembea.

Wanafunzi wenzangu: mjane wa Bremen na daktari wa meno wa Osaka aitwaye Morikawa. Maskini, wanatia huruma. Muziki huu uko kwenye damu, na damu hiyo ninayo mimi.

Somo la kwanza ni jinsi ya kushika. Nimeliruka. La pili hadi la thelathini nayo nimeyaruka. Nimeanzia la thelathini na moja, ambalo ni "Bata Kanisani" lenyewe. Fiadh anasema ni wimbo wa bibi mmoja wa Kilfarna. Bibi mmoja! Nilitaka kumwambia Gunther ni nani hasa.

Jumamosi, 10 Mei

Hiki chombo kimetengenezwa na mtu mwenye kinyongo. Kitufe kimoja, ukisukuma kinatoa sauti hii, ukivuta kinatoa nyingine. Dereva akipinda kushoto gari likaenda kulia, tunamwita fundi. Hawa wanauita utamaduni.

Nimesukuma na kuvuta asubuhi nzima. Saa sita Bi Talty wa jirani akaita juu ya ukuta akitaka kujua ndama amepatwa na nini. Nikamwambia sina ndama. Akasema basi ndiyo hatari zaidi, na akanipa namba ya daktari wa mifugo. Mwanamke huyu nilimwangusha mtihani wa udereva mara tatu. Chuki haizeeki.

Jumatatu, 12 Mei

Darasa la moja kwa moja, jioni. Fiadh akamwomba Gunther apige alichojifunza. Nikapiga sauti nne. Bwana Morikawa akapiga makofi, naye akapiga "Bata Kanisani" mwanzo hadi mwisho macho kayafumba. Ameukariri tu, masikini. Hana hisia. Mjane wa Bremen alilia, lakini Wajerumani hulia ovyo.

Wakati huohuo kengele ya kanisa letu ikalia ile ya sala ya jioni. Fiadh akasema hakujua kwamba huko Austria nako wanaipiga, tena kwa saa zetu. Nikajibu kwa sauti nzito kwamba Wakatoliki wa Austria hawana mchezo. Akamshauri Gunther arudi somo la kwanza, kwa sababu haba na haba hujaza kibaba, na mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Mimi siinami. Nasogeza kitanda.

Na kitanda nimekisogeza. Kando ya kidole gumba kuna kitufe cha kutolea hewa. Ukikibonyeza, mivukuto inafunguka na kufunga, vidole vinacheza popote vinapotaka, na sauti haitoki hata moja. Siku hiyo wapigaji wa kijiji chote watakuwepo kunisindikiza, fidla, filimbi, na Nuala na konsetina yake. Wao watapiga. Mimi nitapumua. Nani atajua?

Alhamisi, 15 Mei

Jaribio baani kwa Mullane, ambako wapigaji hukutana kila wiki. Nikaketi pembeni yao na konsetina mapajani, kidole gumba kwenye kitufe cha hewa, uso wa mtu anayekumbuka mengi. Nikavuta, nikasukuma. Vidole viliruka. Hakuna aliyeshtuka.

Tulipopumzika, Pat Queally, mwenye fidla, mkubwa wa kundi lile, akaja kunipa mkono. Akasema wageni wengi wakija hupiga kelele mpaka pombe inachacha, ila mimi sikuwasumbua kabisa. "Kusema kweli, Malachy, hatukukusikia. Mpigaji mstaarabu kama wewe sijapata kumwona." Wengine wakatazama ndani ya bilauri zao, pengine kwa wivu.

Nuala alikuwa kaketi mkono wangu wa kushoto. Akaniuliza kama kidole gumba kinaniuma. Nikamwambia aangalie vidole vyake.

Jumapili, 18 Mei

Siku yangu. Watu wamejaa njia panda hadi kwenye nyasi. Padre akanyunyiza maji ya baraka, zaidi kwenye suti yangu kuliko kwenye jiwe. Mjomba Austin kakaa kwenye kiti mbele, konsetina ya Bibi imo magotini kwake ndani ya sanduku lake.

Tukaanza "Bata Kanisani." Fidla, filimbi, vyote. Nilipumua vizuri ajabu. Na hapo ndipo Pat Queally alipofanya uhaini. Wapigaji wa huku wana kaida: wakitaka kumheshimu mtu, wanashusha vyombo mmoja mmoja katikati ya wimbo ili amalizie peke yake. Niliijua kaida hiyo. Sikuwahi kufikiri kwamba kuna anayeniheshimu. Pat akashusha fidla, akaniinamia kichwa. Filimbi zikashuka. Nuala akabaki mwisho, akinitazama, kisha Pat akamgusa bega, naye akashusha.

Nikabaki mimi na hewa. Fuu, faa. Fuu, faa. Kama mgonjwa wa pumu anapanda ngazi. Mbwa wa Bi Talty akainamisha kichwa upande mmoja. Nilihisi jasho linashuka mpaka ndani ya soksi. Mjomba akainua mkono nyuma ya sikio, akajikunja mbele kwenye kiti. Ningeweza kuacha. Nikaongeza kasi.

Hapo sauti ikatoka nyuma yangu. Nuala, bila chombo, akiimba wimbo kwa mdomo bila maneno, dai-del-dai, kama wazee walivyokuwa wakifanya nyumba ikikosa kinanda. Aliimba polepole kwanza, kisha akaufuata mwendo wa mivukuto yangu, au mimi nikamfuata, sikumbuki. Visigino vikaanza kugonga lami. Bi Talty alikuwa akilia waziwazi. Tukamaliza pamoja. Makofi.

Mjomba akasimama kwa shida, machozi mpaka kidevuni, akasema amemsikia mama yake. Akaniwekea sanduku mikononi. Nuala alifungua mdomo, akamtazama yule mzee, akaufunga. Pat Queally akaniambia kwamba tangu azaliwe hajasikia kitu kama kile. Nimeandika maneno yake hapa yasije yakapotea.

Nuala ameniudhi. Mtu amepewa nafasi ya peke yake, wewe unaingilia na kuimba! Lakini mimi sina kinyongo.

Jumanne, 20 Mei

Nimefuta masomo ya konsetina, kwa kuwa nimehitimu. Nimejiandikisha ya fidla. Nitaanzia somo la hamsini.

Alasiri Nuala akaja na mkate wa soda, ungali moto. Hakutaja ya Jumapili ila mara moja, aliposema, "Nilisikia ile hewa, Malachy. Lakini siku ile ilikuwa ya Bibi, sikutaka aaibike." Nikamwambia kama ana malalamiko apeleke kwa Mjomba. Akasema hapana, mzee amefurahi, aachwe na furaha yake.

Alichokuja kuomba ni kitu kimoja. Aruhusiwe kuja Jumapili baada ya misa, nusu saa, aipige konsetina ya Bibi hapahapa sebuleni kwangu. Akasema vile vibati vya sauti ndani yake vinahitaji pumzi, visipopata vinashika kutu, na chombo kinakufa. Tena akajitolea kunifundisha, bure, taratibu, pasipo mtu kujua.

Niliona anakoelekea. Leo nusu saa, kesho atataka aende nayo nyumbani. Nikamwambia kabati limefungwa na ufunguo ninao mimi, na kama ni pumzi, sebule yangu ina madirisha mawili. Akanishukuru kwa chai. Chai sikuwa nimempa.

Kabla ya kuondoka alisimama mbele ya kabati muda mrefu. Mkate si mbaya, ila umezidi chumvi. Kaacha alama za vidole kwenye kioo, vinne kushoto, vinne kulia, kama mtu anayetafuta vitufe. Nimezifuta kwa siki.