Siku Fundi Baiskeli Alipolifungua Kabati la Bunduki

Sogeeni, enyi mlioketi na ninyi mnaojifanya mnapita tu. Mwenye redio aipunguze, mwenye mtoto wa kulia amnyonyeshe, kwa maana nitakayoyanena si ya kusikilizwa kwa sikio moja. Nitawasimulia vita vya Fundi Baiskeli, Mziba Pancha, Mnyoosha Rimu, simba wa kona yetu, na jinsi alivyolitwaa kabati la chuma katika nyumba ya mamaye mzazi. Mimi jirani yao niliyaona kwa macho yangu, kwani nilikuwa nimekwenda kuazima ungo.

Baba wa Fundi alipofariki aliacha shamba la mahindi kando ya mto, nguruwe pori wasio na haya, na bunduki moja ya kuwafukuzia. Bunduki, kwa amri ya sheria, ikapelekwa kituo cha polisi kungoja mrithi mwenye leseni; na asipopatikana kwa wakati, iyeyushwe kama sufuria iliyotoboka.

Fundi akajifunga kibwebwe. Akaenda kwa daktari kupimwa akili, akakutwa nazo, jambo lililowashangaza dada zake. Akatoa alama za vidole. Mara ya kwanza ikatoka grisi tupu, akarudishwa akanawe. Akalenga shabaha mbele ya mkufunzi, akaipata. Ngome zote zikaanguka, ikabaki moja: ukaguzi wa kabati.

Kabati lenyewe lilikuwapo, la marehemu, limekazwa ukutani kwa bolti. Lakini jueni kwamba ndicho kitu pekee chenye kufuli katika nyumba ile iliyojaa watu kama harusi. Tangu bunduki ilipoondoka, Bi Mkubwa, mama yake Fundi, Malkia wa Jiko, Mgawaji wa Sukari, alikuwa amelijaza sukari, sabuni, pasi na vikombe vya wageni. Ufunguo aliufunga kwenye pindo la kanga yake, na pindo lile hapana mwanadamu aliyepata kulifungua.

Akaja Mkaguzi, askari mwembamba wa mwili na wa maneno. Akasema, "Fungua."

Naye Fundi, kama alivyozoea tangu alipoota meno, akaita kwa sauti kuu: "Mamaaa! Ufunguo!"

Mkaguzi akafunika faili lake. "Sheria inasema ufunguo awe nao mwenye leseni peke yake, na kabati alifungue yeye tu. Hapa naona mwenye bunduki ni mama. Nitarudi Alhamisi. Nikikuta hivi tena, ile silaha haitoki kituoni."

Jioni ile Fundi akasimama mlangoni mwa jiko kama balozi wa taifa lililoshindwa. "Ewe uliyenizaa," akanena, "unikabidhi ufunguo, nguruwe wasile jasho la baba!"

"Nikukabidhi wewe?" akajibu Bi Mkubwa bila kuacha kukoroga. "Wewe uliyepoteza kiatu ukiwa umekivaa? Sukari ya nyumba hii nimeilinda na wajukuu, nikailinda na wakwe, nikailinda na huyo jirani hapo aliyeazima ungo tangu mchana na bado haujamtosha."

Nikatazama dari.

"Mama, bila ufunguo hakuna leseni. Bila leseni hakuna bunduki. Na bila bunduki mwaka huu tutavuna mabua."

Mwiko ukasimama. Shamba lile alililima bega kwa bega na marehemu mumewe, na kila mtu jikoni alilijua hilo. Polepole, kama mfalme ashushaye bendera, akafungua pindo. "Haya, shika. Na ukiupoteza, usinitafute. Utafute mama mwingine."

Alhamisi ikawadia, nami nikaja kurudisha ungo. Bi Mkubwa alikuwa amelifungua kabati kwa mara ya mwisho, akasomba vilivyokuwamo. Mkaguzi akasimama kando. "Fungua. Asikusaidie mtu."

Fundi akachomeka ufunguo, akazungusha. Mlango ukagoma. Akazungusha upande wa pili. Ukagoma. Jasho likamtiririka, kwa kuwa, wasikilizaji, shujaa yule hakuwahi kulifungua kabati lile maishani mwake! Lilikuwa na vituko vyake, na avijuaye alikuwa mmoja tu, naye aliketi mkekani akichambua mchele.

Oneni sasa ushujaa ambao haujapigiwa ngoma. Mwanamke yule, ambaye tangu nimjue hajaacha neno limpite bila kulisalimu, akajitia pindo la kanga mdomoni akaling'ata. Macho yakamtoka. Mchele na mawe akavirudisha pamoja kwenye ungo, asijue.

Ndipo Fundi akakumbuka afanyavyo pedali ya baiskeli ikimkwamia. Akarudi nyuma hatua, akauinua mlango kwa goti, akasukuma kwa bega, akazungusha. Krak! Chuma kikaachia kwa mlio uliowatoa kuku uani.

Ndani palikuwa patupu, ila pale nyuma kabisa, bakuli la bati lenye kifuniko.

"Risasi?" akauliza Mkaguzi.

"Sukari, afande."

Mkaguzi akafunua, akachungulia. "Kanuni zinakataza risasi kukaa pamoja na bunduki. Sukari hazikuitaja." Akatia sahihi. "Lakini itoke. Bunduki njoo uichukue kesho."

Bi Mkubwa akatema kanga. "Goti!" akafoka. "Goti, mwanangu! Nusura nife!"

Chai ikachemshwa. Fundi akalifunga kabati, akaning'iniza ufunguo shingoni mwake, na kwa kuwa bakuli lilikuwa bado mikononi mwake, akakifunua kifuniko, akatia vijiko viwili katika kikombe cha Mkaguzi. Viwili, bila kuuliza. Bi Mkubwa akafumbua kinywa, akamtazama mwanawe, akakifumba.

Na iandikwe hivyo, vizazi visome: tangu nyumba ile iezekwe, siku hiyo ndiyo ya kwanza sukari kugawiwa na mkono usio wa Bi Mkubwa. Nguruwe na waarifiwe. Mimi ni shahidi, maana kikombe cha pili kilikuwa changu, nacho kilikolea.