Wino Yenu Ndani ya Mukate Yangu

Lubumbashi, kampi ya batumishi ba shaba
Januari 1975

Kwa Mwananchi Mhariri wa gazeti *Kengele ya Asubuhi*

Mwananchi Mhariri,

Pokea heshima yangu, na umufikishie salamu hata ule mwenye kutia wino mu mashini yenu, juu habari hii inamuangalia yeye kwanza. Mimi ni Mulenga, mufuaji wa chuma mu atelier, ile karakana pale tunatengeneza mabehewa ya kubeba shaba. Masomo sikupata. Kusoma nilijifundisha peke yangu, ku makaratasi yenye banafungia samaki ya Kasenga. Ndiyo maana habari nyingi za dunia ninazijua mpaka katikati tu, pale karatasi ilipasuka.

Siandiki kwa hasira. Ninaandika kwa sababu juma yenye inakuja nitasimama mbele ya komite ya nidhamu ya atelier, na ikienda vibaya nitapoteza kazi, na nyumba ya kampi itafuata kazi. Mu ile nyumba muko bibi yangu mwenye kuitwa Mujinga, batoto, na mama mukwe, mwenye zamani aliitwa Honorine na sasa, kufuatana na sheria ya kuacha majina ya kizungu, haiko tena Honorine, lakini ukimwita vile bado anageuka. Mama mukwe ameisha kusema: kama nyumba inapotea, yeye hatapotea nayo. Atanifuata kila pahali. Kwa hiyo unaona kama jambo ni nzito.

Mulitutangazia ninyi wenyewe, mu Desemba, ukurasa ya kwanza, kwa herufi kubwa: TAREHE 25 NI SIKU YA KAZI. Noeli haiko tena sikukuu. Tulisoma, tukatii. Tarehe ile nilikuwa ku kazi na nyundo mu mukono, uliza muntu yeyote. Kama mangaribi yake kuku mbili zilikufa mu nyumba yetu, zilikufa kifo ya kawaida, ya kisu. Sikukuu hatukufanya. Tulikula tu kupita siku zote, batoto balivaa viatu, na nyimbo zenye tuliimba, tuliziimba tukiwa tumekaa.

Kesho yake kulibakia mabaki: paja moja, mugongo, na sombe, yale majani ya muhogo, ku chini ya sufuria. Hapa niko na namna yangu, na nitakuelezea, juu bila namna hautaelewa kosa yenu. Unachukua mukate murefu ya asubuhi, unapasua kwa urefu bila kisu kutokea upande ingine. Unanyofoa nyama yote ku mifupa. Mifupa, batoto banajua kazi yake. Sombe unaikamua mu mukono mpaka maji inaisha na mafuta inabakia. Unatia kitunguu, na pilipili moja, ao mbili kama jana yake uligombana na muntu. Kiisha unafunga mukate, na unaipiga pasi. Ndiyo, pasi, ile ya makala, ya kunyoosha nguo. Unaiweka juu, unaegemea polepole sawa muntu mwenye kusikiliza siri ku mulango, unageuza, unaegemea tena, mpaka ngozi ya mukate inakauka na ndani mafuta ya mawese inayeyuka inaingia mu nyama. Chakula ya jana inarudi kuwa ya leo. Unaitia chini ya koti ya kazi, na njia yote mpaka ku atelier tumbo inajua kama inapendwa.

Shida ni mama mukwe. Ile pasi ndiyo inanyoosha kitambaa yake ya kanisa, na alisema siku yenye kitambaa itanuka kuku mbele ya padri, mimi nitalala inje na mbuzi ya jirani. Kwa hiyo kati ya pasi na mukate ninaweka karatasi. Na karatasi safi mu nyumba yetu ni gazeti yenu tu; ingine yote ilikwisha kukutana na samaki.

Malalamiko yangu ni hii:

1. Wino yenu haina musimamo. Muntu ananunua gazeti akijua kama maneno itabakia pale muliyatia. Yenu ilisikia joto kidogo, ikanusa mafuta kidogo, ikaacha karatasi ikahamia ku mukate. Na hapa mutaniambia ni bahati mbaya, lakini mu ukurasa ile kulikuwa mashindano ya mupira, kulikuwa bei ya unga, kulikuwa picha ya daraja mpya. Hata moja haikuhama. Yenye ilihama ni TAREHE 25 NI SIKU YA KAZI, toka ncha mpaka ncha, nyeusi, muzuri kuliko mu gazeti yenyewe. Mimi nimefanya kazi na moto miaka nyingi, nimeona chuma ikilia. Lakini neno ya serikali kukimbia mbele ya paja ya kuku, hiyo nilikuwa sijaona.

2. Ilihama kinyume, sawa muntu mu kioo. Saa ya kupumzika nilitoa mukate, na Kapya akapita. Kapya ni shefu yetu ya atelier, na tena ni jicho ya Chama mu atelier. Kofia mbili hazilemei kichwa ya mwenye kuzipenda. Harufu ilimuleta, maandishi ikamusimamisha. Akaniuliza mukate yangu inasema nini. Nikamujibu kwa heshima kama mukate haisemi, inaliwa. Akajaribu kuisoma toka kuume, toka kushoto, akaigeuza, akajigeuza yeye mwenyewe. Mwisho akaichukua mpaka ku kamyo yenye ilisimama pale, akaiinua mbele ya kioo ya kuangalia nyuma, na bantu bote ba atelier bakajipanga nyuma yake kusoma mukate yangu mu kioo. Benye hawajui kusoma, balisomewa. Kwa ukweli, Mwananchi Mhariri, sijaona hata siku moja gazeti yenu kusomwa na bantu bengi vile.

Pale Kapya akanipatia makosa mbili: nilileta sikukuu ku kazi, na nilipindua neno ya serikali.

3. Juu ya wino yenu, niko sasa na mutetezi. Mwenzangu mwenye kunishikia koleo anaitwa Mwaba, lakini akikosea chuma jina yake ya zamani inarudi yenyewe, Edouard. Edouard alipanda juu ya gurudumu kunitetea. Alielezea bantu kama neno ikigeuzwa, maana yake nayo inageuka. Kwa hiyo siku ya kazi ikigeuzwa ni sikukuu. Na kwa kuwa neno ile imeonyeshwa bantu bote, mu mukono ya shefu mwenyewe, ku kioo ya kamyo ya Kampuni, sasa ni tangazo ya kweli. Kiisha akamuuliza Kapya ni lini tutalipwa ile tarehe 25, juu tulitumika siku ya sikukuu bila kujua. Bantu bakapiga makofi mpaka ku ofisi bakafungua madirisha. Mimi nilikuwa naangalia mukate yangu inapoa.

4. Mukate ilifungiwa mu kabati ya Kapya, sawa ushahidi. Komite ni bantu tatu: Kapya, karani Chileshe, na muzee Kasonde, mulinzi wa mulango. Neno TAREHE ilipotea mangaribi ileile. Kapya alisema alikuwa anapima kama ni wino ya kweli. Kesho yake asubuhi karani Chileshe akachunguza 25, kujua kama ndani ni kuku ya sikukuu ao kuku ya kila siku, na juu hakuwa na hakika akachunguza NI. Muzee Kasonde hana meno ya kutosha, lakini alisema komite ni komite, akamaliza SIKU YA. Nilipowauliza kwa unyenyekevu kama bamekula mukate yangu, Chileshe alishangaa sana. Mukate haiko chakula, akasema. Bao hawajakula, banangoja bukari, ugali yetu ya kila siku. Na ile, Mwananchi Mhariri, ni kweli. Kwetu muntu anaweza kumaliza mukate nzima na kuapa mbele ya mama yake kama tangu asubuhi hajatia kitu mu kinywa.

Sasa mu kabati imebakia ncha moja kavu na neno moja: KAZI. Sikukuu bamekula bakubwa. Kazi bamenichungia mimi.

5. Hapa ndiyo kichwa yangu inaanza kuuma. Kapya amenitumia habari kama dosie, ile faili ya kesi yangu, haiwezi kuhukumiwa na ncha ya mukate. Banataka nilete mukate ingine, sawasawa na ile ya kwanza, kwa siku ya komite. Nisipoleta, ni kuficha ushahidi, na nyumba imekwenda. Sawa. Lakini mukate ile haitoki ku kuku ya siku hiyo. Nimejaribu, ladha si ile, nyama bado inajivuna. Inatoka ku mabaki. Mabaki inatoka ku sikukuu. Muntu wa kila siku, na bei ya kuku unaijua, hana mabaki. Ana sufuria safi. Kwa hiyo ili nijitetee kama sikufanya Noeli, inanipasa kufanya Noeli. Nikiifanya, nina kosa. Nisipoifanya, nina kosa. Na yote hii ilitoka ku chupa ya wino mu nyumba yenu.

Kwa ile sababu ninaomba mambo kidogo tu. Muandike mu gazeti, hata chini kabisa, pale munatangaza vitu vilivyopotea, kama wino ni yenu na ilihama kwa mapenzi yake. Mutie mutumishi wenu wa wino mu moto kidogo, nataka kusema mumupeleke kwetu atelier, ajifundishe namna kitu inashikamana na ingine. Mutoe tena ukurasa ileile na tangazo ileile, juu yangu ilipasuka. Na kama sauti yenu inafika kwa bakubwa, mutuombee Noeli moja, ndogo, ya mangaribi tu, kwa ajili ya kutengeneza ushahidi. Tutaifanya kwa huzuni. Shefu anaweza kutuma muntu wa kuangalia kama hatufurahi.

Musalimie bantu ba mashini, musalimie mwenye kuandika habari ya mupira, anasema uongo lakini anasema vizuri. Bibi yangu Mujinga anawasalimia. Mama mukwe anawasalimia ninyi, hasalimii wino. Edouard anauliza jibu ya malipo ya tarehe 25.

Niko hapa, mukono ku kifua,

Mulenga wa Ngosa,
mwenye nyumba mpaka juma yenye inakuja

N.B. Nilikuwa nimeisha kufunga barua hii wakati Kapya alibisha mulango. Hakuja na polisi. Alikuja na mikate tatu chini ya koti, na uso ya muntu mwenye kupita tu. Alisema komite imefikiri: haiko lazima mukate ifanane sana na ile ya kwanza, lakini ifike ya moto, moja kwa kila memba, na yake iwe na firigisi. Ikifika vile, dosie itafungwa siku ileile na nyumba itabakia. Akasema tena, akiangalia chini, kama kwake nako tarehe 25 bata moja ilikufa kifo ya kawaida, lakini bibi yake hana namna ya pasi, balikula mabaki ya baridi. Mama mukwe alikuwa nyuma ya pazia. Hakungoja mwisho ya maneno; alitoka inje na kisu kukamata kuku, na sasa tuko na Noeli mu Januari, na pasi ameitoa yeye mwenyewe.

Kwa hiyo ninakuomba, Mwananchi Mhariri, usahau yote ya hapo juu. Wino musiiguse, iko muzuri sana vile iko. Ila karatasi ya kutia chini ya pasi ndiyo ninakosa. Mutoe barua hii upesi, ku ukurasa ya kwanza, kwa herufi zenu kubwa zaidi, na munitumie. Majina ya Kapya, Chileshe na Kasonde muyatie katikati. Ku pembeni pasi haifiki muzuri.