Taratibu na Mwavuli wa Mwasisi

Enyi wenye masikio, sogeeni, wekeni vikombe chini; maana kisa hiki ni kizito, ingawa chenyewe kilibebeka kwapani. Sikilizeni habari za Taratibu, mtunza amana wa Chama cha Kumbukumbu za Mwasisi, simba wa vitambaa vya vumbi, ngao ya makabati, mtu asiyewahi kupaza sauti hata kwa panya. Na jinsi alivyopigana na mwavuli.

Naam, mwavuli. Mweusi, wa mpini wa mti, ambao Mwasisi wa taifa aliushika siku bendera ilipopanda na mvua ikashuka. Tangu chama kiupokee, haukufunguliwa kamwe. Na sheria ya chama ilisema amana isiguswe kwa mkono mtupu. Na kwa kuwa glavu hazikupatikana, wanachama walivaa soksi mikononi.

Siku hiyo Binti wa Mwasisi, bibi mwenye fimbo na maneno machache, alikuja kuamua: amana za baba yake zibaki katika vyumba hivi viwili juu ya duka la viatu, au ziende kwenye jumba kubwa la makumbusho. Zikienda, Taratibu alijua, na yeye basi tena. Kabati tupu halihitaji mlinzi.

Basi, akiwa chumba cha nyuma, akaona aukague kwanza mwavuli, mende wasije wakamtia aibu. Akaufungua. Lo! Ukalipuka kama jeshi la mbavu nane lililokuwa likimvizia, ukaziba chumba, ukakataa kufungika. Na mlango ulikuwa mwembamba.

Taratibu akauvamia kutoka kaskazini, ukamchoma bega. Akauzunguka kutoka kusini, ukamvua miwani. Akabonyeza kitufe, soksi ikateleza. Asiyekubali kushindwa si mshindani, na Taratibu alikubali mara tatu mfululizo.

"Ewe kivuli cha mashujaa," akaunong'oneza, "nimekufuta vumbi masika na kiangazi, nimekukinga na panya na wajumbe wa kamati. Leo ndiyo shukrani yako, mbele ya wageni?"

"Taratibu!" Mama Mwenyekiti aliita kutoka chumba cha mbele. "Bibi anasubiri!"

"Naja, mama. Mwavuli unajiandaa."

"Unajiandaa? Kwani unaolewa?"

Fimbo ikagonga sakafu, ko, ko, hadi mlangoni. Binti wa Mwasisi akamkuta shujaa wetu chini ya kuba jeusi, soksi mikononi, jasho likimtiririka. Nyuma yake, Mama Mwenyekiti akashika kichwa.

"Umeufungua," bibi alisema.

"Nimeufungua, bibi, ukanishinda. Kosa ni langu, si la chama."

"Hata baba ulimshinda. Siku ile ya bendera uligoma kufungika, akarudi nyumbani kwa miguu na gari likimfuata nyuma. Na hiyo mikono umeifunika ya nini? Una upele?"

"Soksi, bibi. Ndiyo sheria."

"Baba aliushika kwa mikono ya matope. Hebu zivue."

Taratibu akamtazama Mama Mwenyekiti. Mama Mwenyekiti akatazama dari, kama wakubwa wafanyavyo wanaporuhusu jambo.

Akavua soksi ya kulia. Kidole gumba kitupu, ambacho hakikuwahi kugusa historia, kikashuka juu ya kitufe. Kimya. Kikabonyeza tena, kwa hasira ya miaka yote ya upole. Tak! Mwavuli ukanywea, mbavu zikalala moja baada ya nyingine, kama askari wanaoweka mikuki chini.

Bibi akaupokea, akaupima mkononi, akamrudishia.

"Kaa nao, na vingine vyote. Kule watauweka nyuma ya kioo, ukose hata wa kugombana naye."

Ndivyo ulivyofungwa mwavuli, taifa likiwa halina habari. Jioni ile chama kikakutana kwa dharura, zikatolewa hotuba za kutosha kuanzisha nchi nyingine. Na Mama Mwenyekiti akatoa hoja kwamba kidole gumba cha mtunza amana, kwa kuwa kimegusa alipogusa Mwasisi, nacho kihesabiwe amana. Hoja ikapita bila mpinzani. Tangu siku hiyo Taratibu, kila akitaka kunawa, huomba ruhusa ya kamati.